Kwa nini wengine huliabudu gitaa la Rickenbacker na wengine hulikwepa?

Jumamosi ya majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo na mpiga besi wa kwaya, alinijia nyumbani kabla hata chai haijaiva. Nilijua pana jambo. Kijana wa umri wake haamki saa kumi na mbili alfajiri ya Jumamosi kuja kumjulia mjomba hali. Hakukawia kutoa simu na kunionyesha picha ya gitaa la besi lenye wekundu pembeni uliofifia kuwa manjano katikati, pembe zilizopinda kama mwezi mwandamo, na kichwani bamba jeupe lililoandikwa Rickenbacker.

"Mjomba, ni elfu themanini tu," akasema. "Mimi nina hamsini. Mama hataki kusikia. Amesema nikuulize wewe, ukikubali naye atakubali."

Hizo hamsini alikuwa amezichanga kwa mwaka mzima akipiga besi harusini. Kabla hajamaliza chai, simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu. "Ndugu yangu, usinipotezee mtoto. Hizo pesa ndizo za kompyuta ya masomo." Akakata.

Basi nikajikuta hakimu wa kesi nisiyoiomba, na hakimu hana budi kusikiliza mashahidi. Mimi si mpiga besi, lakini nimekaa na wanamuziki miaka ya kutosha kulijua jambo moja. Ukilitaja gitaa la Fender mbele ya wapiga besi watano, wote wataitikia. Ukitaja Rickenbacker, wawili watasimama kulitetea, wawili watalitukana, na wa tano atakueleza alivyoliuza lake na anavyojuta hadi leo.

Jina lenyewe ni la Adolph Rickenbacker, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Marekani na kufungua karakana ya vyuma mjini Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, yeye na mwenzake George Beauchamp walitoa gitaa la umeme la aluminiamu, lenye kiwiliwili cha duara na shingo ndefu, ambalo watu walilipa jina la utani la kikaango. Lilikuwa miongoni mwa magitaa ya umeme ya kwanza kabisa kuuzwa madukani. Mwaka wa 1953 mzee Rickenbacker aliiuza kampuni kwa F. C. Hall, na ikabaki mikononi mwa familia ya Hall. Kiwanda chao kiko Santa Ana, California.

Besi yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1957, mchoro wa Mjerumani aliyeitwa Roger Rossmeisl. Iliitwa 4000. Leo Fender alikuwa amewatangulia kwa miaka sita na besi yake ya Precision ya mwaka wa 1951, na hapo ndipo penye mzizi wa ubishi wote. Fender alitengeneza shingo peke yake na kiwiliwili peke yake, kisha akaviunga kwa skrubu nne. Ni rahisi kuunda, na shingo ikiharibika unafungua skrubu na kuweka nyingine. Rickenbacker walichukua njia ya mseremala mwenye maringo. Shingo na sehemu ya katikati ya kiwiliwili ni ubao mmoja mrefu kutoka kichwani hadi mkiani, na mabawa ya pembeni yamebandikwa kwa gundi. Mbao zake ni za maple, mti mgumu wa nchi za baridi. Mwaka wa 1961 likafuata 4001, lenye pikapu mbili, yaani vile visumaku vinavyokaa chini ya nyuzi na kuugeuza mtetemo wake kuwa umeme.

Unapata nini kwa kazi yote hiyo? Unapata sauti. Uzi wa chini wa gitaa hili haungurumi tu, unalia, na sauti yake ina ncha kali inayopenya katikati ya ngoma na vinanda kama mtu anayekuita kwa jina sokoni. Besi, kwa kawaida yake, ni kama msingi wa nyumba. Wageni husifu pazia na madirisha, hakuna anayeusifu msingi. Rickenbacker ni msingi unaotaka kuonekana.

Ndiyo maana waliolipenda zaidi ni watu waliokataa kukaa nyuma. Paul McCartney wa Beatles alianza na Höfner, gitaa jepesi la Kijerumani lenye umbo la fidla, alilonunua Hamburg mwaka wa 1961. Mwaka wa 1965, Beatles wakizuru Marekani, kampuni ya Rickenbacker ilimpa 4001 la mkono wa kushoto. Tafuta wimbo wao wa Paperback Writer, wa mwaka wa 1966, na usikilize besi peke yake. Fundi wa studio, Geoff Emerick, alitumia spika kubwa kama maikrofoni ili kuinasa sauti ya besi ipasavyo, na McCartney hakubaki kufuata nyimbo bali alizikimbilia mbele. Vijana wa Uingereza walioisikia rekodi hiyo hawakulala.

Chris Squire alikuwa kijana wa aina hiyo. Akifanya kazi katika duka la vyombo vya muziki jijini London, alijinunulia Rickenbacker na akakaa nalo hadi alipofariki mwaka wa 2015. Katika bendi ya Yes aliligawa gitaa lake mara mbili. Sauti ya pikapu moja ilikwenda kwenye amplifaya moja na ya pili kwenye nyingine, moja ikiwa nzito na safi, nyingine ikikwaruza. Si uchawi, na besi nyingi za Rickenbacker zina tundu la pili la waya lililowekwa kwa ajili hiyo hasa. Sikiliza Roundabout, ya mwaka wa 1971, nawe utadhani wapo wapiga besi wawili.

Kisha kuna Lemmy, ambaye ndiye aliyemharibu mpwa wangu. Huyu alikuwa mpiga gitaa la kawaida aliyekabidhiwa besi alipojiunga na Hawkwind mwaka wa 1971, na hakuwahi kujifunza adabu za besi. Alipoanzisha Motörhead mwaka wa 1975 aliendelea kuipiga kama alivyozoea, nyuzi mbili tatu kwa pamoja, kwa kipande cha plastiki mkononi, amplifaya zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Besi nyingine ingetoa matope. Rickenbacker, kwa sababu ya ile ncha yake, lilitoa ngurumo ambayo bado ungeweza kuitofautisha noti na noti.

Hadi hapo mpwa wangu alikuwa akitabasamu. Nikamwambia asubiri, mashahidi wa upande wa pili hawajaingia.

Malalamiko ya kwanza ni ya mwili. Ukingo wa gitaa hili katika toleo lake maarufu hauna mviringo kama wa Fender. Umenyooka na umezungushiwa utepe wa plastiki, nao hukaa palepale mkono wa kulia unapoegemea. Piga kwa saa mbili harusini, kisha utazame alama kwenye ngozi yako. Halafu kuna kile kifuniko cha chuma juu ya pikapu ya nyuma. Hapo zamani kilikuwa sumaku halisi ya umbo la kiatu cha farasi, nyuzi zikipita ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sumaku hiyo iliondolewa, lakini kifuniko kikabakishwa kwa ajili ya sura. Anayepiga kwa kipande cha plastiki hakimsumbui sana. Anayepiga kwa vidole, nao ndio wengi, hugundua kwamba mahali anapopenda kuweka mkono pamejengwa ukuta. Wengi hukifungua siku ya kwanza na kukitupa kwenye droo. Nyuzi zenyewe nazo zimekaribiana, na mwenye vidole vinene huhisi amevaa viatu vya mdogo wake.

Malalamiko ya pili ni ya fundi. Nyuzi nne za besi huvuta kwa nguvu nyingi, na kile chuma cha mkiani kinachozishika huweza, baada ya miaka, kuinuka upande wa nyuma kama kisigino cha kiatu kilichobanduka. Ndani ya shingo mna vyuma viwili vya kuinyoosha badala ya kimoja. Katika yale ya zamani fundi alipaswa kwanza kuikunja shingo kwa mikono hadi ifike panapotakiwa, ndipo akaze nati. Fundi aliyezoea Fender akijitia kukaza tu, ubao wa vidole waweza kubanduka. Nyuzi zenye waya wa mviringo zilipoanza kupendwa, nazo zikawa mzigo wa ziada, ndipo kampuni ikatoa 4003, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilichukua nafasi ya 4001. Na shingo ikivunjika? Hakuna skrubu nne za kufungua. Umevunja gitaa zima.

Lakini malalamiko yaliyo mazito zaidi si ya ngozi wala ya fundi, ni ya tumbo. Mpiga besi wa kukodiwa hapigi muziki anaoupenda, hupiga ulioletwa mezani. Asubuhi ni wimbo wa mapenzi, mchana tangazo la sabuni. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi sana za Motown mjini Detroit, alitumia Fender Precision na kidole kimoja cha shahada, na besi yake inakaa chini ya sauti ya mwimbaji kama godoro. Huisikii hadi uitafute, na ukiitafuta unashangaa. Watengenezaji wa rekodi wakaizoea sauti hiyo. Ukiingia studio na Rickenbacker, fundi wa mitambo anajua kwamba leo atakuwa na waimbaji wawili, na mmoja wao ni wewe.

Hata miongoni mwa waumini kulikuwa na waliohama. Geddy Lee wa bendi ya Rush, kutoka Kanada, alikuwa mpenzi mkubwa wa Chris Squire na akapata umaarufu na Rickenbacker lake katika miaka ya 1970. Baadaye akanunua Fender Jazz la mwaka wa 1972 katika duka la vitu vya rehani kule Kalamazoo, Michigan. Hilo ndilo linalosikika katika Tom Sawyer, ya mwaka wa 1981, na katika miaka ya 1990 likawa ndilo gitaa lake kuu. Hakulikana Rickenbacker. Alitaka ukali ule ule lakini na uzito zaidi chini, na sehemu ya kuweka vidole.

Nilipofika hapo nikamuuliza mpwa wangu hupiga nini Jumapili. Akasema tenzi taratibu ibada ya kwanza, rumba ibada ya pili, na mwishoni sebene la kuwainua kina mama vitini. Hupiga kwa vidole? Kwa vidole. Akanyamaza, akaitazama tena picha.

"Lakini twende tu tulione, Mjomba."

Tulienda. Lilikuwa ghorofani, katikati ya jiji, kwenye chumba chenye vinanda vilivyorundikwa hadi dari. Bei ya elfu themanini ilipaswa kunishtua mapema, kwa maana 4003 jipya linauzwa Marekani kwa zaidi ya dola 2,000, ambazo ni zaidi ya robo milioni ya shilingi kabla hujalipa meli wala ushuru. Kijana alilishika kama anayebeba mtoto mchanga. Akalipiga dakika ishirini, na nikiri kwamba lililia vizuri. Kisha nikamwomba aligeuze mgongo.

Pale shingo inapokutana na kiwiliwili palikuwa na kibamba cha chuma, na juu yake skrubu nne.

Mwenye duka alisema shingo iliwahi kuvunjika ikarudishiwa hivyo. Huenda aliamini alichosema. Ila 4001 au 4003 halisi ni ubao mmoja unaopita katikati hadi mkiani. Unauona mstari wake mgongoni, na hauna cha kufungwa kwa skrubu. Nakala ziliundwa nyingi, za Japani katika miaka ya 1970 hasa, na baadhi yake ni magitaa mazuri sana kuyapiga. Kampuni yenyewe imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwaandama wanaoliiga umbo lake. Nakala si haramu kuipenda. Kuilipia bei ya jina ndiko kulikonichoma. Tukamshukuru mwenye duka, tukashuka ngazi bila kusema neno, na kule chini kijana akaukunja mkono wa shati kunionyesha mstari mwekundu uliobaki juu kidogo ya kiwiko.

Kompyuta ilinunuliwa wiki iliyofuata, na dada yangu amenisamehe, ingawa bado ananiita mzee wa magitaa. Kijana hajaacha. Anasema akimaliza chuo atatafuta la kweli, na akilipata atakifungua kile kifuniko siku hiyo hiyo. Kwa sasa amekata kipande cha plastiki kutoka kifuniko cha mkebe wa siagi, na ndicho anachopigia besi kuukuu ya kanisa. Mwalimu wa kwaya amelalamika mara mbili kwamba siku hizi besi inasikika kupita waimbaji.