Timu ya chuo haina msimu, ina safari

Msimamishe kijana yeyote wa Munanila pale kijiweni umuulize Simba ana pointi ngapi. Atakujibu kabla hujamaliza swali, na pengine atakuongezea na za Yanga, Arsenal na Manchester United bila kuombwa. Sasa muulize timu ya chuo cha ualimu kule Kasulu au Kabanga imecheza mechi ngapi mwaka huu. Hapo atanyamaza.

Wala si kosa lake. Hata ukimuuliza mchezaji wa timu yenyewe, jibu atalitafuta kwenye vidole, na mkono mmoja utamtosha.

Kwa wale wasioifahamu Munanila, ipo Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya vilima, baridi, migomba, maharage na kahawa. Vijana wa huko, kama wenzao wa Kasulu na Kibondo, wanacheza chandimu tangu wakiwa hawajaanza shule, peku, kwenye udongo mwekundu ambao mvua za Oktoba hadi Mei huugeuza utelezi na kiangazi huugeuza vumbi. Kucheza mpira katika mazingira hayo kunahitaji mapenzi ya kweli, nayo wanayo. Kinachokosekana ni ratiba.

Mwaka mmoja niliifuatilia timu ya chuo kimoja cha nyanda hizo. Sitakitaja jina, maana tatizo si lake peke yake. Nilitaka kuandika habari ya msimu wao, tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Habari yenyewe ikawa hivi: mechi chache za kirafiki, bonanza moja siku ya kukaribisha wanachuo wapya, kisha kimya kirefu cha mitihani na mazoezi ya kufundisha. Mwisho likaja tangazo kwamba mashindano ya vyuo yamekaribia. Vijana wakakusanywa haraka, wakachujwa kwa siku chache, jezi zikatafutwa, wakapandishwa basi. Kule wakacheza mechi tatu za makundi, wakatolewa, wakarudi. Kipa wa akiba hakugusa mpira.

Jamani, huo ni msimu? Mimi nauita safari.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na UMISAVUTA, mashindano yanayokutanisha vyuo vya ualimu, wala na UMISSETA ya sekondari. Yamekuza vipaji vingi nchini. Tena tumeshaonja maisha bila michezo shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya shule yalisimamishwa, na ikabidi yaje kurejeshwa baadaye. Wapenzi wa soka hadi leo wanaukumbuka uamuzi ule kwa uchungu. Lakini mashindano ni kilele. Huwezi kuwa na kilele kisicho na mlima chini yake.

Msimu ni kitu kingine. Msimu ni kufungwa Jumamosi hii kwa sababu beki wa kushoto alipanda akasahau kurudi, ukapata wiki nzima ya kumrekebisha, halafu Jumamosi inayofuata ukaona kama ameelewa. Mchezaji anajifunza kwa kurudia. Timu ya Ligi Kuu yetu ya timu 16 inacheza mechi 30 kwa msimu. Kule Marekani, timu ya chuo kikuu katika mpira wao ule wa kushika mikononi inacheza mechi 12 kabla hata ya kufika kwenye fainali, na Uwanja wa Michigan, ambao ni mali ya chuo, unaingiza watu zaidi ya 100,000. Siwaambii Kasulu wajenge Michigan. Nasema tu kwamba Mmarekani anajua mwezi gani na siku gani timu ya chuo chake iko uwanjani, na anapanga wikiendi yake kwa kufuata hiyo. Hilo halihitaji jukwaa la zege, linahitaji ratiba iliyobandikwa ukutani na kuheshimiwa.

Mtu ataniambia, mbona Kigoma soka ipo? Ni kweli ipo. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Thadeo Lwanga. Mashujaa, timu ya jeshi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 ikamtoa Simba kwa penalti katika kombe hilo hilo, hapo hapo nyumbani. Na Juma Kaseja, kipa aliyedakia Simba, Yanga na Taifa Stars kwa miaka mingi, ni mzaliwa wa Kigoma.

Lakini hebu tuangalie hayo yote yako wapi. Yako mjini, kandokando ya ziwa. Huku juu milimani, kijana mwenye kipaji ana njia moja tu: aondoke.

Na sisi tunaijua vizuri habari ya kuondoka. Wakati wa mkoloni, nyanda za Buha zilikuwa ghala la vibarua. Waha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, maana mtu alihesabika kwa namba yake. Nyumbani hapakujengwa uchumi wa kumfanya abaki, kwa kuwa aliyekuwa akiwahitaji aliwahitaji kwingine. Leo hakuna anayelazimishwa, ila mpangilio naona unafanana. Kipaji kikionekana kinasafirishwa, na mahali kilipotoka panabaki vilevile, pakisubiri kutoa kingine kwa bahati.

Hapa ndipo vyuo vya ualimu vinaponiumiza kichwa zaidi. Mwanachuo anayecheza namba nane pale Kasulu huenda asifike Ligi Kuu, na si lazima afike. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Miaka michache ijayo atakuwa mwalimu katika shule ya msingi fulani, labda huko huko Munanila, na mwalimu mkuu atamkabidhi michezo kwa sababu ndiye kijana pekee. Akiwa amecheza mechi tatu katika maisha yake yote ya chuo, atawapa nini watoto? Atawatupia mpira wagawane pande mbili, basi. Lakini aliyepitia ligi anajua kupanga ratiba, kupuliza kipenga, kujaza fomu, kusuluhisha ugomvi wa rafu, na kumtuliza mtoto aliyefungwa bao la kizembe. Huyo anaanzisha timu hata kama shule haina nyavu.

Pendekezo langu ni dogo. Tupate timu sita: vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, na nyingine nne kutoka vyuo vingine na shule zenye kidato cha tano na sita katika Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Zicheze nyumbani na ugenini. Kila timu inapata mechi 10, jumla mechi 30, na ligi nzima inaisha kwa Jumamosi 10. Ziwekwe ambapo hakuna mitihani wala mazoezi ya kufundisha. Timu iende asubuhi irudi jioni, hakuna kulala gesti, hakuna posho za viongozi zinazozidi bei ya mipira. Waamuzi wawe wanachuo wenyewe waliofundishwa sheria. Na dada zetu wa netiboli wapande gari hilo hilo, wacheze siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema masomo kwanza. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana naitaka ligi. Jumamosi moja haimwondoi mtu darasani, wakati mchujo wa zimamoto, kambi na safari ya mashindano vinakula siku za masomo mfululizo. Wengine watasema hakuna pesa. Mbona ya basi la safari hupatikana kila mara? Hupatikana kwa sababu safari ina barua na ina picha ya kupiga na mgeni rasmi. Mechi ya Jumamosi kule Kabanga haina mgeni rasmi. Ina wanachuo, akina mama wauza karanga, na watoto waliopanda juu ya miti wakiangalia.

Watoto hao ndio wanaonishughulisha. Wakiizoea timu ya chuo kila Jumamosi, watakuja siku moja kuuliza matokeo yake kama wanavyouliza ya Simba. Maafisa michezo wa wilaya na wakuu wa vyuo hawahitaji kusubiri waraka wa wizara kwa hili. Kikao kimoja kinatosha, na karatasi moja ya ratiba.

Naomba kutoa hoja.