GATI LISIPOKINGWA, ANAYEGONGWA NI MKULIMA WA BUHA

Ndugu wananchi wa Kasulu na Kibondo, leo tunataka kusema nanyi habari za gati. Tunajua wako watakaocheka. Watasema: watu wa milimani, wapanda maharage na mihogo, wana habari gani na gati? Meli ni mambo ya watu wa Kigoma na Ujiji. Bandari ni mambo ya mainjinia. Mkulima na ashike jembe lake, anyamaze.

Maneno hayo si mageni masikioni mwetu. Ndiyo waliyoambiwa baba zetu. Mkoloni alipotazama Buha hakuona nchi yenye watu na akili zao. Aliona ghala la vibarua. Wenye mashamba ya mkonge walipounda chama chao cha kuandikisha vibarua, kile kilichoitwa Silabu, mwaka 1944, vijana wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa manamba, wakateremshwa Kigoma, wakapakiwa garimoshi kwenda kukata mkonge mbali na kwao. Mkonge ule ulisokotwa kamba, na kamba zile zikafunga meli katika bandari za dunia nzima. Mwaha alizifunga meli za wengine kwa jasho lake, lakini juu ya gati la kwao hakuulizwa hata neno moja.

Na gati la kwao lilikuwa mikononi mwa nani? Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji waliketi wakapatana wao kwa wao, na sehemu za bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam zikakodishwa kwa Wabelgiji kwa franka 1 kwa mwaka, tena milele. Franka moja! Mwaka 1961, Uhuru ulipokaribia, Mwalimu Nyerere alikataa jambo hilo waziwazi. Alisema nchi inayojitawala haiwezi kufungwa na kodi ya milele iliyopangwa na watawala wa kigeni. Basi asituambie mtu leo kwamba gati si jambo la wananchi. Gati la Kigoma limekuwa jambo la wananchi tangu siku ile.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Meli inapofika gatini haisimami kama baiskeli. Inakuja na uzito wake wote, na ule mwendo mdogo uliobaki lazima ufie mahali. Ukifia kwenye zege, zege hupasuka au ubavu wa meli hubonyea. Kwa hiyo huwekwa kinga kati ya meli na gati. Mabaharia huiita fenda. Fenda iliyo kamili ina sehemu mbili: nyuma kuna mpira mzito unaobonyea na kumeza kishindo, mbele kuna paneli, yaani bao kubwa, ambalo hupokea ubavu wa meli, hulitandaza pigo lisiangukie mahali pamoja, na huiacha meli iteleze bila kukwaruzwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina chama. Chukua meli ya tani 1,500, kiasi cha Liemba yetu. Ikigusa gati kwa mwendo wa sentimita 15 kwa sekunde, mwendo mdogo kuliko wa mtoto anayetambaa, pigo lake ni sawa na kuangusha mzigo wa tani 1 kutoka kimo cha mita 1.7. Nahodha akikosea kidogo, au upepo wa kusi ukimsukuma, mwendo ukawa sentimita 30, pigo haliongezeki mara mbili. Linaongezeka mara nne! Ni kama kuangusha tani ile kutoka kimo cha karibu mita 7. Na hapo hatujahesabu maji yanayokokotwa na meli, ambayo nayo husukuma. Kunasemwa sana habari za kuleta meli kubwa zaidi za shehena katika ziwa hili. Vema, tunazitaka. Lakini kila tani inayoongezwa kwenye meli inaongezwa pia kwenye pigo.

Mtu yeyote aliyesafiri ziwani ameona tairi kuukuu za lori zikining'inia kwa minyororo kwenye magati madogo na mbavuni mwa boti. Hatuzidharau. Kwa boti ya dagaa tairi inatosha, na aliyeibuni kinga hiyo alitumia akili. Lakini tairi iliyobanwa na meli ya tani 1,500 hulala bapa, na ikishalala si kinga tena. Mnyororo hukatika, tairi huzama. Na Ziwa Tanganyika si mto unaochukua taka zake baharini kesho yake. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachozama humu ni chetu, na cha wajukuu wetu.

Wengine husema: tutumie mbao. Kweli, maji yetu si ya chumvi, na wale wadudu wa baharini watoboao mbao hawamo. Lakini bao la gati huoza palepale linapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Tena mbao ngumu zitoke wapi? Zitoke misitu ya Makere na miombo ya Kibondo, ambayo imekwisha kupigwa vya kutosha na mashoka ya mkaa, ya kuni na ya mashamba? Kukinga gati kwa kuuvua mlima nguo si kinga.

Wengine husema chuma. Chuma kina nguvu, lakini kina kutu, na ni kizito. Paneli moja ya chuma ikilegea bolti inataka kreni kuirudisha. Mahali ambapo kreni ni ya kungojewa, paneli iliyolegea leo itakuwa imeanguka kabla kreni haijafika.

Ndipo tunapofika kwenye paneli za plastiki iliyotiwa nyuzi, ile ambayo mafundi wetu wa boti huiita faiba. Nyuzi za kioo hulazwa tabaka kwa tabaka ndani ya gundi ya plastiki, ikikauka huwa ngumu, nyepesi, haishiki kutu, haiozi. Bandari za mataifa makubwa zimekwisha kuanza kutumia plastiki ya namna hii mahali pa mbao na chuma. Tunasema kifaa hiki kinafaa kupimwa na kutumika katika Ziwa Tanganyika. Lakini tunasema pia, kwa sauti hiyohiyo, kwamba hatutaki kuuziwa kama watu wasiouliza bei.

Maana plastiki na sisi tuna kesi ya zamani. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakageuka pori, na yule Mwaha aliyezeeka manamba akarudi kwao mikono mitupu. Viwanda vya plastiki havikuwa vyetu. Faida haikuwa yetu. Kwetu ilifika hasara peke yake. Leo plastiki inarudi kwa sura nyingine, kukinga magati yetu. Je, itatukuta vilevile tumekaa kitako, tukingojea paneli ishuke kutoka nchi za mbali, ikivunjika tuagize nyingine, na fundi wa kuifunga aje kwa ndege?

Hatusemi tutie mkonge mahali pa nyuzi za kioo kesho asubuhi. Tungekuwa tunawadanganya wananchi. Nyuzi za mkonge hunywa maji, na kinga ya gati hukaa majini. Lakini kazi ya faiba si uchawi. Boti za faiba zinatengenezwa nchini. Kule Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa pwani, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ikiwa mkono wa fundi wa Lamu unaweza kuunda jahazi zima, mkono wa kijana wa Kasulu aliyesoma VETA utashindwaje kuziba ufa wa paneli?

Na hapa pana jambo ambalo muuzaji wa mbali hatatuambia, kwa sababu halijui. Fenda ya Kigoma si fenda ya Dar es Salaam. Dar es Salaam maji hujaa na kupwa kila siku, na mjenzi anajua mpaka wake. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Katika mwaka mmoja tofauti ya masika na kiangazi kwa kawaida haifiki mita moja. Lakini miaka ikikusanyika, ziwa hupanda likawashangaza watu. Lilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Likapanda tena kuanzia mwaka 2020, nyumba na magati yakaingiliwa na maji katika nchi zote za mwambao, Bujumbura na Kalemie wakilia pamoja nasi. Fenda iliyofungwa kwa kipimo cha mwaka wa ukame, maji yakipanda huwa chini ya ubavu wa meli, na meli inagonga zege tupu. Basi paneli zetu ziwe ndefu, zishuke mpaka alama ya chini ya ziwa na zipande mpaka alama ya juu, kwa hesabu ya miaka mingi. Anayeleta mchoro bila hesabu hiyo arudishwe na mchoro wake.

Wako watakaosema: paneli za faiba ni ghali. Ni kweli, siku ya kununua ni ghali kuliko tairi. Watasema jua huzichakaza. Ni kweli, zisipopakwa kinga. Watasema zikichakaa haziyeyushwi zikawa nyingine. Nalo ni kweli, kwa hiyo mkataba useme mapema nani atazichukua na atazipeleka wapi. Tunayakubali yote hayo. Tusilolikubali ni ile hesabu ya mjinga, inayoandika bei ya fenda na kusahau kuandika bei ya gati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gati likipasuka, meli itangoja. Meli ikingoja, lori lililotoka Kasulu na maharage litangoja. Mnunuzi wa Burundi au wa Kongo akiona mwenye mzigo hana pa kwenda, atashusha bei. Na gharama ya kutengeneza gati itarudi kuwa ushuru juu ya gunia. Nani atakuwa amelipa? Si aliyekata utepe. Ni mama wa Makere na mzee wa Kibondo, ambao hata hiyo meli hawajaiona.

Na kama kuna anayedhani gati ni biashara tupu, akumbuke Kagunga. Mei mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walirundikana katika kijiji kile cha ufukweni, mlima nyuma yao, maji mbele yao. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Liemba ilikwenda kuwachukua, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924. Lakini haikuweza kukaribia nchi kavu. Akina mama na wagonjwa walipelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo, wakapandishwa melini katikati ya maji, watu kiasi cha 600 kwa safari. Kutoka Kigoma walipandishwa hadi Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na baadaye mwaka uleule wengine hadi Nduta, wilaya ya Kibondo. Ninyi mliwapokea. Mnajua kwa macho yenu kwamba gati zima, lenye kinga, ni siku kadhaa za uhai wa mtu.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, Mamlaka ya Bandari itangaze kila mwaka hali ya kila gati la ziwa, kubwa na dogo, fenda ngapi nzima na ngapi mbovu, kwa Kiswahili ambacho kila mwananchi atasoma. Pili, matengenezo ya fenda yawe na fungu lake katika bajeti, lisiloguswa kwa sherehe wala kwa magari. Tatu, mkataba wowote wa paneli za faiba uwe na mafunzo kwa vijana wa mkoa huu, vipuri viwekwe Kigoma, na kazi ya kuzitengeneza ifanyiwe hapa. Nne, madiwani na wabunge wa Kasulu na Kibondo waulize habari za gati kama wanavyouliza habari za mbolea, maana mbolea bila gati ni mavuno yasiyo na mnunuzi.

Ndugu wananchi, baba zetu walisokotewa kamba wasizofunga nazo chombo chao wenyewe. Sisi hatuna udhuru huo. Gati ni letu tangu mwaka 1961. Asiyekinga kilicho chake hana haki ya kulia kikivunjika. Mkutano ujao wa kijiji, mtu mmoja na asimame aulize: fenda za Kigoma ni nzima? Akijibiwa kwamba hilo si jambo lake, asikae chini.