Andalio la Somo ni Mali ya Umma: Wito wa Kuunganisha Kazi za Walimu Mtandaoni

Katika shule za msingi za Tanzania, kazi ya mwalimu huanza kabla hajaingia darasani, pale anapoketi kuandika andalio la somo, yaani mpango unaoonyesha mada itakayofundishwa, umahiri unaokusudiwa, zana zitakazotumika, hatua za ufundishaji na namna mwalimu atakavyopima kama wanafunzi wameelewa. Mada ni ileile nchi nzima, mtaala ni uleule, na lugha ni ileile, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Hata hivyo kila mwalimu huandika peke yake, andalio lake hukaguliwa na kutiwa saini, kisha hufungiwa kabatini. Mwalimu huyo anapohamishwa au kustaafu, yale aliyoyagundua kwa miaka mingi kuhusu namna watoto wanavyoelewa na wanavyokosea huondoka naye, na kijana anayeshika nafasi yake huanza upya. Wito huu unaelekezwa kwa walimu wenyewe, kwa wazazi na kamati za shule, kwa halmashauri, vyuo vya ualimu na kampuni za simu, kwamba maarifa hayo yatambuliwe kuwa mali ya umma na yakusanywe katika ghala moja la wazi mtandaoni, linaloandikwa, kusahihishwa na kutunzwa na walimu.

Yafaa kusema mapema kwamba kinachodaiwa hapa si vishikwambi wala kompyuta mpya. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za vijijini chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319, ilionyesha kwamba vifaa viliongezeka kwa kiasi kikubwa ilhali matokeo ya hisabati na lugha hayakubadilika kwa namna inayoweza kupimika. Kifaa kilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ileile. Fedha za umma zikielekezwa kwenye mashine pekee, bila kugusa kazi ya mwalimu na ushirikiano wake na wenzake, hakuna sababu ya kutarajia matokeo tofauti katika Afrika Mashariki.

Historia ya Tanzania yenyewe ina funzo kubwa zaidi kuliko hilo la Peru, na inasikitisha kwamba halikumbukwi inavyostahili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa muda wa majuma 12, kwa kutumia teknolojia iliyokuwa mpya vijijini wakati huo, yaani redio. Redio haikuachwa iseme peke yake: wananchi walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha Kiswahili, na baada ya kipindi watu walijadiliana na kuamua kazi ya kufanya, iwe kuchimba choo au kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi hivyo, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa hukohuko vijijini, wakifundisha na kusoma kwa wakati mmoja kwa njia ya posta, redio na mikutano ya ana kwa ana na wasimamizi wao, kabla ya kwenda chuoni kwa majuma machache. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Mpango huo ulikuwa na mapungufu, hasa katika kina cha maarifa ya masomo, lakini ulithibitisha kwamba umbali unaweza kushindwa pale ambapo chombo cha mawasiliano kinazungukwa na watu waliojipanga, wenye ratiba, kiongozi na kazi ya kufanya baada ya kusikiliza.

Leo walimu wana chombo chenye nguvu kupita redio, kwa sababu simu hupokea na pia hupeleka. Wanaitumia tayari: yapo makundi ya WhatsApp ya walimu wa somo moja, ya kata na ya wilaya, ambamo maazimio ya kazi, nukuu za somo na mitihani ya majaribio hupita kila siku. Tatizo ni kwamba kundi la namna hiyo linafaa kutuma na halifai kutunza. Ukurasa wa andalio hupigwa picha kwa upande, hutumwa bila jina la mada wala la darasa, na kabla ya juma kwisha huwa umezikwa chini ya salamu, taarifa za misiba na michango ya harusi. Simu ikijaa, picha hiyo hufutwa pamoja na mengine yote. Wapo pia wanaouza nukuu na maandalio kwa walimu wenzao, jambo linaloeleweka kwa mtu anayetafuta riziki, lakini linalomfanya mwalimu wa shule ya pembezoni alipe kutoka mfukoni mwake ili kuitumikia serikali.

Kwa upande wa serikali, msingi upo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofahamika kama MEWAKA, umeanzisha jumuiya za ujifunzaji, yaani vikao ambamo walimu wa shule moja au wa kata moja hukutana kujadili changamoto za ufundishaji, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Kinachokosekana ni kiungo kati ya viwili hivi: yanayosemwa katika kikao cha jumuiya hayafiki maktabani, na yaliyomo maktabani ni vitabu vilivyokamilika, ambavyo haviwezi kumweleza mwalimu nini kilitokea darasani pale somo lilipofundishwa.

Hapo ndipo penye kiini cha wito huu. Kinachostahili kukusanywa kwanza si maandalio mazuri, bali maelezo ya namna yalivyokwenda, hasa yalipokwenda vibaya. Mfano wa kujumlisha sehemu katika hisabati unatosha kulionyesha jambo hili. Mtoto akiulizwa nusu jumlisha theluthi, mara nyingi hujumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani namba za chini, akapata 2/5. Mwalimu asiye na uzoefu humwekea alama ya kosa na kurudia kanuni ya kutafuta asili ya pamoja. Mwalimu mzoefu hutambua kwamba mtoto hakuwa mzembe, bali alihamishia kwenye sehemu kanuni aliyofundishwa kwa namba nzima, kwa hiyo humpa vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, avikunje na kupima 2/5 dhidi ya nusu, mpaka mtoto mwenyewe aone kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, jambo lisilowezekana. Baada ya mshangao huo ndipo karatasi hukunjwa katika mafungu 6, nusu ikaonekana kuwa 3/6, theluthi 2/6, na jumla 5/6. Mwalimu mwingine akijaribu somo hilo katika darasa la wanafunzi zaidi ya 100 anaweza kuona kwamba watoto walichana karatasi za urefu tofauti na ulinganisho ukaharibika. Akiandika sentensi moja tu, kwamba karatasi zikatwe na mwalimu kabla ya kipindi, atakuwa amewaokolea wenzake dakika ambazo hazirudi.

Andalio la somo la Tanzania tayari lina nafasi kwa ajili ya sentensi hiyo, kwani mwishoni mwake mwalimu hutakiwa kuandika tathmini na maoni. Kwa bahati mbaya nafasi hiyo aghalabu hujazwa maneno ya kawaida, kwamba somo limeeleweka vizuri, kwa sababu mwalimu anayeandika kuwa nusu ya darasa haikuelewa huhofia kuonekana hafai. Ushirikiano wa mtandaoni hauwezi kustawi juu ya hofu hiyo. Wathibiti ubora wa shule, maofisa elimu kata na walimu wakuu wanaombwa kwa msisitizo wayahesabu maoni ya kweli kuwa alama ya umakini kazini, wasiyatumie kuwa ushahidi wa kumwadhibu mwalimu. Na vyama vya walimu vinaombwa visimame upande wa mwalimu aliyesema kweli. Nchini Japani, walimu wamekuwa na desturi, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, ya kuandaa somo kwa pamoja, mmoja akalifundisha wengine wakiangalia, kisha wote wakalichambua na kulirekebisha. Desturi hiyo imedumu kwa sababu kinachochambuliwa ni somo, wala si mtu aliyelifundisha.

Suala la haki nalo linahitaji ufafanuzi. Kwa kawaida ya sheria za hakimiliki, maandishi hulindwa tangu yanapoandikwa, hata kama mwandishi hakutoa tangazo lolote, kwa hiyo andalio lililowekwa mtandaoni bila maelezo haliwezi kutafsiriwa au kurekebishwa na mwingine kwa uhakika wa kisheria. Ufumbuzi wake ni leseni huria, yaani tamko la mwenye kazi linaloruhusu kila mtu kunakili, kubadili na kusambaza kazi hiyo kwa sharti la kumtaja mwandishi. Zana za kufundishia zenye ruhusa hiyo huitwa rasilimali huria za elimu, dhana iliyopata jina katika mkutano wa UNESCO jijini Paris mwaka 2002, na nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha pendekezo rasmi kuihusu mwaka 2019. Tanzania si mgeni katika jambo hili: mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ulitoa moduli za walimu zenye leseni ya aina hiyo, na baadhi zimo katika Kiswahili. Kilichobaki ni serikali, ikiwa mwajiri wa walimu walio wengi, kutoa waraka unaoeleza wazi kwamba maandalio yanayoandikwa kwa ajili ya shule za umma yanaweza kutolewa kwa leseni huria, na kwamba jina la mwalimu aliyeandika litabaki juu ya kazi yake na kuhesabiwa wakati wa kupandishwa daraja.

Pingamizi linalotajwa mara nyingi ni gharama ya bando na ukosefu wa mtandao vijijini, na ni pingamizi la haki. Lakini andalio la maandishi ni faili jepesi mno kulinganisha na video, na si lazima kila mwalimu awe mtandaoni kila saa. Ipo programu huria ya Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo yasiyo na intaneti, inayowezesha masomo kuhifadhiwa katika kompyuta moja na kusomwa na simu zilizo karibu kwa mawimbi ya ndani, bila bando hata kidogo. Kompyuta moja katika kituo cha walimu cha kata, inayosasishwa mara moja kwa mwezi pale penye mtandao, ingezihudumia shule zote za kata hiyo. Kampuni za simu nazo zinaombwa kuliondolea ghala hilo malipo ya data, kama ilivyofanyika kwa tovuti za elimu nchini Afrika Kusini mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Tanzania ilizifunga shule zake mwezi Machi mwaka huohuo, na katika majuma yale ilidhihirika kwamba shule iliyokuwa haina mahali pa kupata masomo nje ya jengo lake ilisimama kabisa.

Tahadhari mbili haziwezi kuachwa. Picha na majina ya wanafunzi yasiingizwe katika ghala, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watoto pia, na daftari la mtoto linaweza kuonyeshwa kosa lake bila kuonyeshwa jina lake. Vilevile ghala lisigeuzwe kuwa soko la mitihani, maana mwalimu anayetafuta majibu ya mtihani na mwalimu anayetafuta njia ya kumwelewesha mtoto wana haja tofauti.

Wananchi wasio walimu wana sehemu yao. Kamati ya shule inaweza kuamua kwamba sehemu ndogo ya michango ya hiari ya wazazi inunue kompyuta ya kituo badala ya rangi ya lango. Vyuo vya ualimu vinaweza kuwapa wanachuo kazi ya kuhariri na kupanga maandalio kwa mada, jambo litakalowafunza zaidi kuliko mazoezi ya kubuni. Wahandisi wa programu wanaozungumza Kiswahili, walioko Dar es Salaam, Nairobi au ughaibuni, wanaweza kujitolea kulijenga ghala hilo na kulitunza. Na kwa kuwa Kiswahili hufundishwa pia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, maandalio ya somo la Kiswahili yatavuka mipaka bila kuhitaji mfasiri, huku walimu wa huko wakirudisha yao.

Hakuna haja ya kungoja mradi mkubwa. Likizo ya Juni inatosha kwa jumuiya za ujifunzaji za kata chache kuchagua mada moja inayowasumbua watoto, sehemu katika hisabati ikiwa mfano, kuandika andalio moja la pamoja, na kukubaliana kwamba shule zinapofunguliwa kila mwalimu atalifundisha na kujaza nafasi ile ya maoni kwa ukweli: watoto wangapi walikosea, walikosea nini, na yeye alifanya nini baada ya hapo.