Sare ya Picha ya Idi: Tuanze kwa Kuhesabu Watu



Sebuleni kwetu Shirimatunda, mjini Moshi, imetundikwa picha ya Idi ambayo kila mgeni huisifu. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe na vizibao vya kitenge cha buluu; wanawake wamevaa magauni marefu ya kitenge hicho hicho na mitandio ya rangi moja; watoto wamepangwa mbele kwa kimo. Sisi wenyewe hatuitazami kwa raha. Siku ile dada yetu mjane alisimama kando ya mlango na wanawe watatu, akasema, "Pigeni kwanza nyinyi wenye sare, sisi tutapiga baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Chakula kiliandaliwa, wageni wakaingia, mpiga picha akaondoka. Bibi yetu alipoishika picha hiyo mkononi aliuliza swali moja tu: "Na wajukuu zangu wengine wako wapi?" Hapakuwa na wa kumjibu.

Hakuna aliyekusudia kumtenga mtu. Tulichagua kitambaa, tukatangaza bei, tukasema kila nyumba ipeleke fedha kwa fundi. Dada yetu aliona haya kusema hana, nasi hatukuona haya kutomuuliza.

Uislamu haukutukataza kupendeza. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kuchukua pambo letu kila tuendapo kuswali, na papo hapo tukakatazwa israfu. Aya ya 26 ya sura hiyo hiyo inatukumbusha kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Kwa hiyo kuvaa vizuri siku ya Idi, na hata familia kupatana rangi, ni jambo jema. Ubaya huanza pale sare inapokuwa tiketi ya kuingia katika picha ya ukoo.

Tangu hapo tumejifunza kuanza kwa kuhesabu watu kabla ya kwenda dukani. Tunawahesabu bibi, shangazi, mayatima tunaowalea, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Kisha tunatazama, kimya kimya, yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote ana nguo gani nzuri tayari. Rangi yake ndiyo inayokuwa rangi ya wote. Idi iliyopita dada yetu alikuwa na gauni safi la kahawia. Tukakubaliana kahawia, maziwa na nyeupe, bila kumtaja mtu. Wenye uwezo walishona. Wengine walitoa nguo kabatini. Mashati ya watoto yalipatikana kwenye mitumba ya soko la Memorial.

Kupatana rangi si lazima kufanana kitambaa. Rangi mbili au tatu zinazoelewana zatosha. Kama mna kitenge chenye maua makubwa, wavae wachache, wengine wavae nguo zisizo na maua zenye rangi mojawapo iliyomo katika kitenge hicho. Mkiwa wote na maua, jicho la mtazamaji halijui pa kutua, na nyuso hupotea.

Tazameni pia mtakaposimama. Huku kwetu wengi hupiga picha mbele ya migomba, na aliyevaa kijani humezwa na majani. Kanzu nyeupe nayo katika jua la mchana hung'aa mno hata mishono haionekani. Ni vyema kupiga picha mapema, mara baada ya kurudi kutoka kwenye swala, au baada ya Alasiri. Saa hizo mwanga ni mpole, na Kilimanjaro, ambao mchana mara nyingi hujifunika mawingu, huenda ukajitokeza nyuma yenu.

Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, hivyo huweza kuangukia miezi ya baridi ya Juni na Julai. Hapo sweta za watoto zihesabiwe katika rangi mapema, la sivyo sweta nyekundu ya shule itafunika kazi yote. Na fundi apelekewe kitambaa kabla ya Ramadhani, kwani kumi la mwisho cherehani zote huwa zimezidiwa.

Jambo la mwisho ni stara. Picha ikishatumwa katika kundi la familia, hatujui itaishia kwa nani. Basi kina mama na mabinti wavae kwa namna ambayo wangekubali kuonekana na asiye maharimu wao, na asitume mtu picha kabla ya kuwauliza.

Ile picha ya buluu hatukuitoa ukutani, tumeiacha itukumbushe. Pembeni yake sasa ipo ya kahawia. Mitandio haikulingana, na mtoto mmoja amevaa kandambili. Bibi aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kila uso akihesabu. Alipomaliza alisema, "Alhamdulillah, wametimia."

Wabillahi tawfiq.