'Tumbo linaniuma' haitoshi, onyesha mahali

Ni jambo la kusikitisha kwamba Wakenya wengi, hata waliohitimu chuo kikuu, hawajui kilichomo ndani ya kiwiliwili chao. Mtu anayejua kila parafujo ya gari lake huingia katika duka la dawa na kusema maneno mawili tu: "Tumbo linaniuma." Naye muuzaji, bila kuuliza swali, humpa tembe za kupunguza asidi.

Yafaa ieleweke kuwa tumbo si kiungo kimoja. Ini liko kulia, chini ya mbavu, na mfuko wa nyongo umejibanza chini yake. Wengu uko kushoto. Figo ziko nyuma, kila moja upande wake wa uti wa mgongo. Chini ya kitovu kuna kibofu na, kwa wanawake, mfuko wa uzazi.

Hata lugha yetu hutupotosha. Pale mbavu zinapokutana tunapaita chembe cha moyo, ilhali chini yake mna mfuko wa chakula. Wengi huumwa hapo wakadhani ni moyo, kumbe ni vidonda vya tumbo. Vingi ya vidonda hivyo husababishwa na bakteria waliogunduliwa mwaka wa 1982 na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, na tembe za asidi pekee haziwaui. Hatari zaidi ni kinyume chake: mshtuko wa moyo waweza kuanza kwa uchungu pale chembeni na kichefuchefu, mgonjwa akanywa dawa ya kiungulia na kwenda kulala.

Kuna pia kidole tumbo. Mara nyingi uchungu huanzia karibu na kitovu, kisha huhamia chini, upande wa kulia. Anayekunywa dawa ya kuharisha wakati huo huhatarisha maisha yake, kwani kinaweza kupasuka. Na mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akaumwa sana upande mmoja chini ya kitovu, akimbizwe hospitalini. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Wauzaji dawa waulize kabla ya kuuza. Madaktari nao wamlaze mgonjwa na kumpapasa kabla ya kushika kalamu. Lakini jukumu la kwanza ni letu: tueleze uchungu uko wapi, ulianza lini na kama umehama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na asiyejua kuyaeleza hayuko mbali naye.