Tumbawe ni shamba, lisivunwe kwa baruti

Mchuuzi wa Mnazi Mmoja na Kariakoo anaweza kudhani kuwa matumbawe ya Mafia hayamhusu. La hasha. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Watalii huenda huko kupiga mbizi waone matumbawe, na kati ya Oktoba na Machi huogelea karibu na papa potwe. Wageni hao hula, na chakula chao ni soko kwa mkulima na mvuvi.

Mlipuko mmoja wa baruti huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Mvuvi huuza mara moja tu. Tumbawe hai huleta samaki na wageni kila mwaka.

Kwa hiyo, mchuuzi, samaki wa baruti usiwanunue hata wakiwa wa bei nafuu. Huko ni kula mbegu.