Barakoa ni chujio, si utaji

MAPEMA mwaka wa 2021, shule na vyuo vilipofunguliwa kikamilifu baada ya kufungwa kwa ajili ya Covid-19, nilishuhudia kisa katika lango la taasisi moja ambayo sitaitaja. Mwanafunzi alifika pale bila barakoa, na bawabu akamzuia kama alivyoamriwa. Mwenzake aliyekwisha kuingia akaivua yake, akampitishia katikati ya vyuma vya ua. Yule akaivaa, akaingia, kisha akaipitisha njia ile ile kwa mtu wa tatu. Barakoa moja, ya kitambaa chepesi cha tabaka moja, ikawaingiza watu watatu. Bawabu aliyaona yote hayo wala hakutamka neno. Mimi nami, nakiri, nilicheka nikapita.

Leo sicheki. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Walilijibu swali waliloulizwa, nalo lilikuwa: umevaa? Hakuna aliyewauliza kama walichokivaa kilichuja chochote. Swali hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito, na sisi walimu wao hatukuwafundisha kuliuliza.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si daktari wala fundi wa viwanda vya nguo, kwa hivyo naomba nianze na neno lenyewe. Kamusi za zamani zinatueleza kuwa barakoa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni utaji uliovaliwa na wanawake wa Kiarabu kufunika sehemu kubwa ya uso na kuyaacha macho. Neno hilo lilikuwa limelala kwa miaka mingi. Mnamo 2020 likaamshwa, likapewa kazi mpya. Sina ugomvi na uteuzi huo; ni neno zuri, na limekubalika. Lakini neno halihami nyumba bila kubeba vyombo vyake. Barakoa ilikuja na maana yake ya kale ya kusitiri. Utaji ukishafunika, kazi yake imekwisha. Chujio likishafunika, kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Sheria nayo ilikazia kufunika. Kanuni za Aprili 2020 zilimtaka kila mtu aliye mahali pa umma avae barakoa ifaayo, inayoziba mdomo na pua, na aliyekaidi alikabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Ni kitambaa kipi kilichofaa? Kadiri nilivyoona mimi, maelezo hayo hayakumfikia mama aliyeketi mbele ya cherehani kwa lugha anayoifahamu. Akashona alichokuwa nacho.

Kila aliyepika kwa nazi anakijua kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Wengi wetu tulidhani kwamba barakoa hufanya kazi vivyo hivyo. Kisha tukasikia kuwa kirusi cha Covid-19 kina upana wa takriban mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ilhali vitobo vya nguo vyaonekana kwa macho. Baadhi yetu tukakata kauli kwamba barakoa ni kazi bure.

Kauli hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kirusi hakisafiri peke yake. Husafiri ndani ya matone ya mate na chembe za unyevu, ambazo aghalabu ni kubwa kuliko chenyewe. Pili, chujio la hewa si kifumbu. Hewa inapopenya kati ya nyuzi hupinda kona nyingi. Chembe kubwa hushindwa kukata kona hizo, zikaugonga uzi na kunasa. Chembe ndogo mno hutangatanga ovyo kama mlevi njiani, zikisukumwa na molekuli za hewa, hadi ziuguse uzi. Zilizo ngumu kunasa ni zile za katikati, za takriban mikroni 0.3, na ndiyo sababu barakoa za wauguzi ziitwazo N95 hupimwa kwa chembe za ukubwa huo, nazo hazina budi kunasa angalau asilimia 95. Basi ubora wa chujio hutegemea wingi wa nyuzi katika njia ya hewa, wembamba wa nyuzi hizo, na jinsi njia ilivyopindapinda.

Kwa mtazamo huo, Kiswahili chenyewe kina hazina kubwa. Wahenga wetu wa pwani waliijua nguo kwa majina. Walijua melimeli na shashi, nguo nyepesi zinazopitisha mwanga. Walijua marekani, pamba ngumu iliyopewa jina la nchi ilikotoka katika biashara ya karne ya 19. Walijua marudufu, nguo nzito ambayo jina lake lina mzizi mmoja na kurudufu, yaani kufanya mara mbili. Somo la matabaka limo ndani ya neno hilo, tena lilikuwamo kabla ya maradhi haya kuzuka.

Msomaji anayetaka kuchagua kitambaa anaweza kukipima bila mashine yoyote. Kiinue mbele ya mwanga wa mlangoni. Ukiona waziwazi mtande na mshindio, na vishimo katikati, achana nacho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Juni 2020 ulieleza kuwa nguo yenye matundu mengi mithili ya shashi hunasa asilimia 3 tu, hata ikirundikwa tabaka juu ya tabaka, na kwamba vitambaa vya mkono vya pamba, vikikunjwa mara nne, vilifikia asilimia 13 tu. Kisha kivute. Kitambaa kinachonyumbuka, kama cha fulana iliyochakaa, hupanua vitobo vyake kinapokaa usoni. Mwisho, kiweke mdomoni uvute pumzi. Ukihema kama apandaye mlima, hicho nacho hakifai, kwa maana hewa itatafuta njia ya pembeni, na mvaaji ataishusha barakoa kidevuni. Shuka ya pamba iliyofumwa kwa kubana, au kitenge kizito kilichofuliwa kwanza ili kijikunyate kabla ya kukatwa, hufaa kuliko leso nyembamba yenye maandishi mazuri.

Mwongozo huo huo ulipendekeza matabaka matatu. La ndani liwe pamba, inyonye unyevu wa pumzi. La nje liwe poliesta au mchanganyiko wake, lisilowe upesi kwa matone yatokayo kwa wengine. La kati, ambalo ndilo chujio hasa, liwe kitambaa kisichofumwa cha polipropilini. Kitambaa hiki hakina mtande wala mshindio. Nyuzi zake zimetupwa ovyo na kushikamanishwa kwa joto, na huko kutupwa ovyo ndiko kunakoipotosha chembe njia. Si kitu kigeni kwetu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, mingi ya mifuko iliyoshika nafasi yake madukani ilikuwa ya kitambaa hicho. Anayeutumia mfuko kama huo achague mpya, safi, na akate sehemu isiyo na rangi za matangazo. Si ule uliobeba sukumawiki juzi.

Hapa inafaa tutofautishe kitambaa hiki na kile cha katikati ya barakoa za hospitali. Kile kina nyuzi nyembamba zaidi, tena zimetiwa umeme tuli. Mwalimu wa sayansi anaweza kulionyesha jambo hili darasani: kalamu ya plastiki ikisuguliwa kwenye nywele huvuta vipande vya karatasi. Nyuzi zile huvuta chembe vivyo hivyo. Peter Tsai wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, ni miongoni mwa waliobuni mbinu za kuutia umeme huo katika miaka ya 1990. Lakini sabuni na spiriti huudhoofisha. Wangapi kati yetu tuliifua barakoa ya hospitali, tukaianika uani, tukaivaa tena kwa wiki nzima? Ilikuwa safi machoni, ilhali nguvu yake kubwa ilikuwa imekwenda na maji ya povu. Barakoa ya kushonwa nyumbani haina umeme wa kupoteza, na ndiyo maana inafulika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ingeweza kuandikwa juu ya kila cherehani. Kitambaa kizuri kuliko vyote hakifui dafu iwapo pande za pua ziko wazi, kwa kuwa hewa, kama maji, hufuata njia nyepesi. Kipande cha waya laini kishonwe kwenye ukingo wa juu, kibanwe juu ya mfupa wa pua. Kidevu kiingie ndani. Kamba zibane bila kuumiza masikio. Mvaaji akipumua na miwani yake ikaingia ukungu, ajue ufa upo.

Baada ya kuvaliwa, barakoa ya nguo ifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto. Asiye na maji ya moto ya kutosha aifue kwa maji ya kawaida, kisha aichemshe kwa dakika moja. Ikilowa isivaliwe mpaka ikauke. Isiazimwe katu, wala isipitishwe uani. Mtoto wa miaka mitano au chini yake asilazimishwe kuivaa. Aidha, tusiitwishe mzigo usio wake: haizuii gesi wala mivuke ya rangi na dawa za kunyunyizia mimea, na muuguzi wa wodi ya kifua kikuu anastahili N95, si kitenge. Wala haichukui nafasi ya madirisha yaliyofunguliwa.

Najua kuna watakaouliza kwa nini ninafukua mambo yaliyokwisha zikwa. Amri ya kuvaa barakoa iliondolewa nchini Machi 11, 2022, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 5, 2023. Jibu langu ni kwamba huu ndio wakati wenyewe wa kujifunza, kwa vile hakuna anayetukimbiza. Kifua kikuu hakikungoja Covid-19 wala hakikuondoka nayo. Kenya imo katika orodha ya shirika hilo ya mwaka wa 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Na maradhi mengine ya hewa yatakuja, kama yalivyokuja zamani.

Tauni ya mapafu ilipoingia Manchuria, China, mwaka wa 1910, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliwavalisha watu barakoa rahisi: shashi ya hospitali iliyokunjwa, na katikati yake pamba. Shashi ilishika tu. Pamba ndiyo iliyochuja. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, aliyekuwa na ujuzi mwingi, aliipuuza rai hiyo akawahudumia wagonjwa bila barakoa. Alifariki kwa tauni Januari 1911. Zaidi ya karne imepita, na bado sisi huulizana tu kama mtu amevaa.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji maabara. Yahitaji vipande vitano vya nguo, mwanga wa dirisha, na nusu saa ya kipindi. Mwalimu wa sayansi aeleze chembe na umeme tuli. Mwalimu wa ushonaji aeleze matabaka na waya. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi mtande na mshindio, melimeli na marudufu, na awaonyeshe kuwa lugha yao ina uwezo wa kusema sayansi bila kuomba msamaha. Nanyi wanafunzi, siku bawabu atakapowauliza tena kama mmevaa, jibuni. Kisha mwinue kitambaa chenu mbele ya mwanga, mjiulize lile swali la pili.